Kabati la Vipande Ishirini na Vitatu

Kabati lile halikuwa na msumari hata mmoja. Odera alilitengeneza kwa mvule, vipande ishirini na vitatu, kila kipande kikiingiza ulimi wake katika tundu la mwenzake, kisha kando kikagongewa kabari ndogo ya mbao ili kisicheze. Odera alikuwa seremala wa reli kwa miaka thelathini na mmoja, mtu wa viti na meza za mabehewa, na huko karakana walikuwa na msemo wao: kitu cha safari hakipigwi msumari. Unatoa kabari, unagonga kidogo hapa, kidogo pale, kabati zima linalala chini kama karata. Unafunga mzigo wako unakwenda. Ukifika unalisimamisha tena, na mgeni hatajua kwamba liliwahi kulala.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwao, Ugenya. Huko Odera alikuwa amejenga nyumba ya matofali, vyumba vitatu, mabati mekundu, mlango ukitazama njia. Akimaliza kabati, alimwambia mkewe Adoyo, watahama Nairobi kabisa. Vile vikombe vyake vya harusi, vya maua ya buluu, vilivyokuwa vikilala kwenye katoni chini ya kitanda, vitapata kukaa nyuma ya kioo wageni wavione.

Kabati likaisha. Miezi miwili baadaye Odera naye akaisha, kifua kikiwa kimembana wiki tatu tu. Akatangulia Ugenya ndani ya jeneza, kabati likabaki Nairobi. Mwaka huu ni wa tisa.

Si kwamba Adoyo alikataa kwenda. Ni vile kila mwaka ulikuja na sababu yake mkononi. Mwaka wa kwanza Jacklyne, kitinda mimba wake, alijifungua pacha na hakuwa na wa kumpokea mtoto wa pili akimnyonyesha wa kwanza. Mwaka wa tatu ni mguu wake mwenyewe, daktari hakutaka awe mbali. Halafu ikawa ni Gordon, mwanawe mkubwa, na neno lake moja: Mama, ngoja kidogo. Ngoja watoto wafunge shule. Ngoja tupake nyumba rangi. Gordon alikuwa mwana mwema, hakuna Jumapili aliyokosa kupiga simu, lakini hakupenda kumwona mamake akienda kukaa peke yake karibu na kaburi. Na Adoyo hakuwa mtu wa kusukumana. Akangoja. Kule nyumbani shemeji yake Seth akawa anafungua madirisha kila Ijumaa ili nyumba ipate pumzi, akishafunga anampigia simu kumwambia upepo wa leo ulitoka upande gani.

Miaka minne iliyopita Adoyo alihama ile nyumba ya reli aliyokaa na Odera, na Gordon akamkodishia mama yake chumba na sebule kule Pipeline, ghorofa ya kwanza. Sebule ilikubali kochi, meza na jiko la gesi. Kabati halikupata hata pa kuweka mguu mmoja. Muindi, mlinzi wa jengo, akasema kuna chumba chini ya ardhi ambapo tajiri mwenye nyumba huweka milango mibovu na mifuko ya saruji. Wenyewe wanakiita besmenti. Wanaume wanne wakaliteremsha likiwa zima, maana siku ya kuhama hakuna mtu mwenye subira ya kutoa kabari. Mwaka uliofuata wezi waliingia, tajiri akaweka geti la chuma pale ngazini, jembamba, la mtu mmoja kupita kwa ubavu. Kabati likawa kama ng'ombe aliyeingia zizini akiwa ndama.

Na chumba kile kilikuwa na maji. Kiangazi sakafu ilitoka jasho, masika maji yalipanda hadi kwenye vifundo vya miguu, na ukutani chokaa ilivimba ikaanguka kama maganda ya muhogo. Adoyo alipambana nacho kwa akili yake yote. Aliinua miguu ya kabati juu ya matofali manne ya jiwe. Kisha akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa nyumba za reli angelifanya. Katika mitaa ile, aliyependa kochi lake hakulivua nailoni liliyokuja nayo kutoka dukani. Mgeni akikaa lilinguruma, na kule kunguruma kulikuwa heshima. Basi Adoyo akaenda soko la Muthurwa, akanunua ile nailoni nzito ambayo wachuuzi hufunikia meza zao wakati wa mvua, akalizungusha kabati mara tatu kutoka kichwani hadi miguuni, akalikaza kwa kamba ya manila. Lilipendeza. Kila Jumamosi aliteremka na kitambaa kikavu, akaipangusa ile nailoni vumbi, akaweka kiganja mahali mlango wa kioo ulipokuwa. Bado kidogo, alikuwa akilinong'oneza. Hakujua kama analiambia kabati au mwenyewe aliyelitengeneza.

Masika ya mwaka huu yalipoanza kupungua, Muindi alipanda ngazi akabisha mlango wake. Alisimama pale akichezea funguo, hakutaka chai.

"Shosh, tajiri anataka kuweka matenki ya maji huko chini," alisema. "Amenipa wiki mbili. Hiyo kabati itoke, na kama haitoshei kwa geti, amesema itoke ikiwa kuni. Si mimi nimesema."

"Najua si wewe," Adoyo alimjibu, akamshukuru kwa kupanda ngazi.

Jumapili hiyo Gordon alikuja baada ya kanisa, amemleta fundi Wathome ambaye ana kibanda cha samani nyuma ya Soko la Burma. Wakateremka wote watatu. Gordon akakata kamba, akapasua nailoni kwa kisu. Maji yakashuka. Hayakuwa mengi, ni matone tu yaliyokuwa yameshikilia upande wa ndani, lakini yalishuka yote kwa pamoja kama jasho la mtu aliyevuliwa koti. Halafu ikaja harufu. Mvule uliokuwa na rangi ya asali ulikuwa umefunikwa na ukungu mweupe, na kwenye pembe ukungu wa kijani. Mlango haukufunguka. Wathome akagonga kabari moja, akagonga ya pili, akaweka sikio, akatikisa kichwa. Mbao zilikuwa zimekunywa maji zikavimba, na kila ulimi ulikuwa umekwama tundu lake kama kizibo.

Gordon alisema alete jiko la makaa waliwekee karibu usiku na mchana. Wathome akamwambia akifanya hivyo mvule utapasuka kama mtungi mbichi, kwa maana nje utakauka na ndani bado. Mbao zilizokunywa pole pole hukauka pole pole, na wiki mbili ni chache.

"Ni mvua gani iliingia hapa?" Adoyo aliuliza. "Matofali niliweka. Nailoni niliweka mara tatu."

Wathome aliinama sakafuni. Alikunja kipande cha nailoni mkononi.

"Mama, mvua haikuligusa," alisema. "Hii ndiyo imeliua. Unyevu uliingia kwa chini ukakosa pa kutokea. Limekuwa likilowa kwa pumzi yake lenyewe."

Adoyo alikaa juu ya mfuko wa saruji. Miaka minne ya Jumamosi, kitambaa mkononi, alikuwa akipangusa nje huku ndani panaoza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi utafanyaje pale nguo yenyewe ndiwe uliyeinunua.

Gordon alimwinamia akamwambia kwa upole kwamba ni kabati tu. Watalikata katikati kwa msumeno, litapita, na yeye atamnunulia lingine jipya, hata kubwa zaidi. Adoyo alimtazama kijana wake mwenye mvi za kwanza.

"Baba yako aliniambia nitalisimamisha Ugenya," alisema. "Nusu mbili hazisimami. Niachie mimi hizo wiki mbili, Gordon. Ukija na msumeno, uje siku ya mwisho."

Mlango unaotazamana na wa Adoyo ni wa Kibibi, mjane kama yeye, mzaliwa wa Majengo kule Pumwani, lakini mama yake alitoka Lamu na alimlea kwa Kiswahili cha huko na kwa maneno yake makali. Jioni hiyo Kibibi alimkuta mwenzake ameketi bila kuwasha jiko, akaitisha habari yote mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akajipangusa machozi.

"Mama Gordon, wewe kabati ulilivisha au ulilivika sanda?"

"Nilikuwa nalilinda, Mama Aqil."

"Maiti ndiye hufungwa kila upande. Mbao ni kitu kinachopumua. Kwetu Lamu nyumba zina chumvi na maji mpaka ukutani, na vitanda vya bibi zetu vimesimama miaka mia. Unajua vimefunikwa nini? Leso. Basi. Vaa viatu, twende ukanionyeshe huyo maiti wako, labda hajakata roho."

Kesho yake wakaanza. Kitu cha kwanza, walilisogeza kabati mbali na ukuta, upana wa shubiri mbili, wakisukuma na kupumzika, kusukuma na kupumzika, kwa sababu Kibibi alisema ukuta wenye maji ni jirani mbaya, humwambukiza aliye karibu. Walimwomba Muindi atoe magunia aliyokuwa ameyasokomeza katika tundu la hewa lililo juu karibu na dari. Akatoa, na kwa mara ya kwanza uzi wa jua ukaingia mle ndani. Waliufuta ukungu kwa vitambaa vilivyochovywa siki na kukamuliwa sana, wakifuata mshipa wa mbao, kisha wakakausha kwa vitambaa vingine, na vile vyenye ukungu wakavichoma. Chini ya kabati wakaweka makarai mawili ya makaa makavu. Makaa hayakuwashwa, kazi yake ilikuwa kunywa. Kila asubuhi Adoyo aliyapandisha juu, akayaanika kwenye kibaraza cha ghorofa, akateremsha mengine. Wapangaji walidhani sasa anauza makaa. Wawili walimwuliza bei ya debe.

Muindi, ambaye moyo wake ulikuwa umemsuta tangu siku ile, alivuta waya kutoka chumbani mwake na Kibibi akaleta feni ya mwanawe Aqil. Hawakuielekeza kwenye mbao. Waliigeuza ipulize kando yake, hewa itembee, ichukue unyevu iende nao kwenye lile tundu.

Baada ya hapo ilibaki kungoja, na kungoja ndiko Adoyo alikokujua. Alishuka na kigoda chake na kazi ya mkono, akafuma vitambaa huku feni ikivuma. Siku zingine Kibibi alikuja na birika. Siku nyingi alikuwa peke yake na kabati, na fikira zilimrudisha kwenye kile kibaraza cha nyumba ya reli ambako Odera alilitengenezea. Alimwona amepiga goti, penseli nyuma ya sikio, randa ikitoa maganda membamba yaliyojikunja, na pacha wa jirani wakiyavaa vidoleni kama pete. Alikumbuka kile kikohozi. Alikumbuka pia jambo moja alilokuwa amelisahau kabisa: kila Odera alipoichomoa ile penseli, alimtuma jikoni. Nenda unitengenezee chai, mama. Na akirudi na chai, Odera amekwisha geuza ubao, anatabasamu kama mtu aliyekula sukari ya watoto. Wakati ule alifikiri ni kiu.

Alilitamani lile tabasamu kuliko sauti yake. Sauti ilikuwa bado inakuja, akiwa kati ya usingizi na kuamka. Tabasamu lilikuwa likififia kila mwaka kama rangi ya leso.

Kila asubuhi alishika kabari moja baada ya nyingine kwa kidole gumba. Siku ya tano mlango wa kioo ulifunguka upana wa kidole, akautegemeza kwa kijiti ili hewa iingie, naye akamwita Kibibi aje aone kana kwamba mtoto ameota jino. Siku ya nane ubao wa juu ulirudia rangi yake. Siku ya kumi aliazima mchi wa kinu cha Kibibi, akaufunga kitambaa kichwani, akagonga kabari ya kwanza kwa chini, taratibu, kama mtu anayebisha nyumba ya wakwe. Ikatoka. Aliishika mkononi. Ilikuwa nyepesi, kavu, bado ina alama ya patasi ya Odera. Akaitia mfukoni mwa aproni, na hadi siku ya kumi na mbili alikuwa nazo ishirini na saba, zikigongana anapopanda ngazi.

Tano ziligoma, zote za chini, karibu na ubao wa sakafu.

Jumamosi ya mwisho Gordon alifika na Wathome, na msumeno ndani ya gunia. Wakalikuta kabati limesimama kavu, limekwajuka kidogo, limebaki na kabari tano tu, kama mzee aliyeng'oka meno. Wathome alilizunguka. Aliweka gunia chini, hakulifungua. Akaomba ule mchi.

Zile tano alizitoa yeye kwa nusu saa, akizungumza nazo Kikamba. Tatu zilivunjika. Ubao wa chini, uliokuwa karibu na sakafu kuliko zote, ulimwagika mikononi mwake kama mkate uliolowa. Adoyo aliugeukia ukuta kidogo, kisha akarudi.

Halafu vipande vikaanza kulala. Wathome alichomoa ubavu wa kushoto, akaugeuza, akasimama.

"Mama, njoo na taa."

Kwenye ulimi wa ubao, pale ambapo hakuna jicho lingefika kabati likiwa zima, palikuwa na maandishi ya penseli. Herufi kubwa, zimesimama mbali mbali, kama za ubao wa darasani. Namba saba. Chini yake mshale, na neno: MALO. Juu. Wakachomoa mwingine. Namba nane, mshale unaoelekea chini, PINY. Na mwingine. Kila kipande kilikuwa na namba yake, na ndani ya tundu linalokipokea namba ile ile, na neno la Kijaluo la kuonyesha upande gani utazame mbingu na upande gani utazame ardhi.

"Alikuwa anajiwekea kumbukumbu," Gordon alisema.

Wathome alikataa. Alisema fundi aliyekata mbao kwa mkono wake haziandikii namba. Hata umwamshe usingizini atakuambia hii inaingia wapi. Na akiandika, huandika alama ndogo, mkwaruzo. "Huyu hakujiandikia," alisema. "Aliandikia mtu mwingine. Mtu ambaye si fundi."

Adoyo alikuwa ameshika ule ubao wa saba. Mwandiko wa Odera aliujua. Ulikuwa mwandiko wa mchwa, mdogo, uliolala. Karatasi zake za kazi hata msimamizi wake alizirudisha kwa kutosomeka. Na herufi kubwa hizi zilizosimama mbali mbali, ni mtu mmoja tu duniani aliyehitaji kuandikiwa hivyo, mtu aliyeishia darasa la tano, anayesoma Biblia kwa kufuata kidole. Odera alikuwa amemwandikia polepole, kipande baada ya kipande, huku chai ikichemka.

"Alijua," Gordon alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, baba alijua hatafika."

"Alijua kifua chake."

"Na hakusema."

"Amesema," Adoyo alijibu. "Ni mimi niliyemfunga nailoni."

Gordon alichukua kitambaa cha mama yake akafuta uso. Kisha alisema atazungumza na mtu mwenye pikapu, wiki ijayo. Hakuna aliyetaja kupaka rangi wala kufunga shule. Alisema tu kwamba ataenda naye, amsaidie kulisimamisha.

"Utashika taa," Adoyo alimwambia. "Kusimamisha nimeandikiwa mimi."

Vipande vilipita getini kimoja kimoja, kwa ubavu, Muindi akivipokea juu kama mtu anayepokea watoto wanaoshuka garini. Vililala siku hizo katika sebule ya Adoyo, kati ya kochi na meza, na katikati ya kila kipande na kipande aliweka vijiti ili hewa ipite. Kibibi alileta leso nne kuukuu za pamba, zilizofuliwa hadi zikawa laini kama sikio la mtoto. Alisema ni za kufunikia, si za kukazia, na kwamba akisikia nailoni imevuka Kisumu atapanda basi aje mwenyewe aichane. Kisha akakaa kwenye kochi, akauliza huko Ugenya kama kunapatikana nazi. Adoyo akamwambia hakuna. Kibibi akasema basi atakuja nazo.

Siku moja kabla ya safari Wathome alileta ubao mpya wa chini. Ni mvule pia, wa mlango wa zamani alioupata kwa wavunjaji wa nyumba, kwa hivyo ulikuwa umekwisha kauka miaka mingi na hautavimba ovyo. Alikuwa ameuchonga ndimi zake nne, akazipitisha msasa, akaupaka nta ya nyuki. Na zile kabari tatu zilizovunjika alikuwa amechonga nyingine. Ulikuwa ubao mzuri. Adoyo aliugeuza huku na huku, akatazama kwenye ndimi. Peupe.

Aliomba penseli. Wathome akamchomolea ile ya nyuma ya sikio.

Aliuweka ubao juu ya magoti, akailamba ncha ya penseli kama walivyofundishwa zamani, akaandika kwa kukaza mkono, herufi zikitoka kubwa na zimesimama mbali mbali: namba nne, kwa sababu ndiyo namba iliyokosekana. Akachora mshale. Alifikiri kidogo huu ni upande gani, akaugeuza ubao kuhakikisha, kisha chini ya mshale akaandika PINY, akapuliza vumbi la penseli, akaulaza mahali pake kati ya wa tatu na wa tano.